Amri ya mkuu, ushauri wa makamanda au kura ya Bunge: njia ambazo Uganda imeingia nazo vitani

Kila mara askari wa Uganda wanapovuka mpaka, mjadala unaozuka Kampala huwa ni ule ule: je, Rais alikuwa na haki ya kuwatuma kabla ya kuwauliza wabunge? Wanaomtetea husema kwamba adui hasubiri Spika afungue kikao. Wanaompinga husema kwamba wanaokufa ni wana wa wananchi na fedha zinazotumika ni kodi ya wananchi, hivyo wawakilishi wao waulizwe kwanza. Hoja zote mbili zina uzito, na si busara kuchagua mojawapo kwa kutazama tu chama kilicho madarakani wakati huo, kwa sababu vyama na viongozi hubadilika ilhali utaratibu hubaki na kutumiwa na wengine.

Kuanzia 1978 nchi hii imezijaribu njia zote. Imeingia vitani kwa amri ya mtu mmoja, kwa ushauri wa duara dogo la makamanda, kwa kura ya Bunge iliyotangulia safari ya askari, na kwa kura ya Bunge iliyopigwa wakati risasi zimeshaanza kulia. Ulinganisho huu unazipima njia hizo kwa maswali matatu: ni nani aliyesikilizwa kabla ya uamuzi, sababu waliyopewa wananchi ilibaki ile ile au iligeuka njiani, na kama kuna aliyejua, siku ya kuondoka, kwamba kurudi kungekuwa lini. Vita vya ndani, kama vile vya kaskazini dhidi ya waasi wa LRA, nimeviweka kando kwa kuwa vinahitaji vipimo vyake.

Amri ya mtu mmoja: Kagera, 1978

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, limekuwa sehemu yake. Hapakuwa na Bunge la kuulizwa, kwani lilikuwa limevunjwa muda mfupi baada ya mapinduzi ya Januari 1971 na tangu hapo nchi ilitawaliwa kwa amri.

Wanahistoria hawajakubaliana juu ya kilichowasha moto ule. Wapo wanaosema kwamba askari walioasi kusini mwa nchi walikimbilia mpakani na waliokuwa wakiwafukuza wakavuka nao. Wapo wanaoona kwamba Amin alitaka kuwapa kazi askari wake, ambao walikuwa wamegawanyika zaidi baada ya ajali ya gari iliyomjeruhi makamu wake, Mustafa Adrisi, mwezi Aprili mwaka huohuo. Serikali yenyewe ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza kushambulia. Kwa swali linalotuhusu hapa, tofauti hizo si kubwa kama zinavyoonekana, kwa sababu katika maelezo yote hayo hapatajwi mtu hata mmoja ndani ya serikali aliyeweza kusimama na kupinga akabaki salama. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alichukuliwa kwa nguvu mwaka 1972 na hakurudi. Michael Ondoga, ambaye alikuwa ametoka tu kuwa waziri wa mambo ya nje, aliokotwa maiti katika mto Nile mwaka 1974. Februari 1977 waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Baada ya hayo, mshauri aliyetaka kuiona kesho alisubiri kwanza kujua mkuu anataka nini, ndipo akatoa ushauri.

Njia hii inasifiwa kwa kasi, na kasi kweli ilikuwepo: eneo lilitwaliwa kwa siku chache. Lakini serikali iliyolitwaa ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, chini ya miezi sita baadaye, na askari waliotumwa na Libya kuiokoa hawakufua dafu. Kiongozi asiye na wa kumwambia kwamba jirani yake atajibu hawezi kujua kama jirani atajibu.

Ng'ambo ya pili ya mto, Julius Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam tarehe 2 Novemba 1978 na kuwaambia kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, uwezo upo na nia ipo. Tanzania nayo ilikuwa nchi ya chama kimoja, na Rais wake hakusubiri kura ya mtu. Hata hivyo alieleza, na alieleza juu ya jambo ambalo kila msikilizaji angeweza kulithibitisha, kwani ardhi ya nchi ilikuwa imekaliwa. Jambo linalosahaulika katika sifa za hotuba ile ni kwamba lengo nalo lilikua kadiri vita vilivyoendelea. Kwanza ilikuwa kumtoa mvamizi Kagera. Kisha ikawa kuingia Masaka na Mbarara ili asirudie. Mwishowe ikawa kuiangusha serikali ya Kampala, na askari wa Tanzania walikuwa bado wako Uganda hadi 1981. Ikiwa vita vya kujihami, vilivyoelezwa waziwazi na kuungwa mkono na umma, viliweza kutanuka namna hiyo, basi vita visivyo na maelezo vitatanuka kiasi gani?

Ushauri wa makamanda: Kongo, 1998

Njia ya pili naiona ya hatari zaidi, kwa kuwa haina sura ya hatari. Kufikia 1998 Uganda ilikuwa na Katiba ya 1995, Bunge lililochaguliwa mwaka 1996 na magazeti yaliyouliza maswali magumu. Ibara ya 124 ya Katiba hiyo inasema kwamba Rais anaweza kutangaza hali ya vita kwa idhini ya Bunge, itolewayo kwa azimio linaloungwa mkono na si chini ya theluthi mbili ya wabunge wote. Na pale ambapo haiwezekani kuipata idhini mapema, lazima aiombe mara moja baada ya tangazo, ndani ya saa 72. Ni ibara iliyoandikwa na watu waliomkumbuka Amin. Hata hivyo jeshi liliingia katika vita vikubwa kuliko vyote lililowahi kupigana nje ya nchi, na hali ya vita haikutangazwa, kwa sababu hapakuwahi kuwa na siku moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole akasema kwamba leo vita vimeanza.

Waliokuwa karibu na uamuzi ule walikuwa na hofu ya kweli, na ni haki kulisema hilo. Waasi wa ADF walikuwa wakiteremka kutoka milima ya Rwenzori, na Juni 1998 waliwachoma moto wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakafa wapatao 80. Tayari kulikuwa na askari wa Uganda mashariki mwa Kongo kwa ridhaa ya Rais Laurent Kabila, na Aprili mwaka huo nchi hizo mbili zilikuwa zimetia saini itifaki ya usalama wa mpaka. Mwanzoni mwa Agosti uasi dhidi ya Kabila ulilipuka kwa msaada wa Rwanda, naye akageuka dhidi ya majirani waliomweka madarakani. Ridhaa ikaondoka, askari wakabaki, kisha wakasonga mbele. Beni ilichukuliwa, ikafuata Bunia, halafu viwanja vya ndege vilivyo mbali zaidi. Kila hatua ilikuwa na maelezo yake ya kijeshi, na kila moja ilionekana ndogo ikilinganishwa na ile iliyotangulia.

Hati inayofundisha mengi kuliko zote ni waraka wa Kamandi Kuu ya jeshi wa tarehe 11 Septemba 1998, ambao baadaye ulifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Waraka huo ulitoa sababu tano za kuwepo kwa jeshi Kongo, zikiwemo kuinyima Sudan nafasi ya kuitumia ardhi ya Kongo dhidi ya Uganda, kuwamaliza waasi wa Uganda waliojificha huko, na kuzuia ombwe la utawala. Tazama tarehe yake. Miji ilikuwa imekwisha kutwaliwa wiki kadhaa kabla. Washauri hawakukaa kuamua kama jeshi liende. Walikaa kuandika kwa nini jeshi lililokwisha kwenda libaki. Mambo mawili hayo yanafanana kwenye karatasi, lakini katika la kwanza jibu la hapana linawezekana, na katika la pili kila aliyemo chumbani ameshatia mkono.

Katika hukumu yake ya tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliona kwamba mahitaji ya usalama yaliyotajwa katika waraka ule kwa sehemu kubwa yalikuwa ya kuzuia hatari ijayo, si ya kujibu shambulio lililotokea, na kwamba kutwaa miji na viwanja vya ndege mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na mashambulizi ya kuvuka mpaka yaliyolalamikiwa. Iliona pia kwamba Uganda haikuliarifu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu matukio iliyosema yalihitaji ijihami. Ni vyema kuongeza, kwa kuwa wengi hulitaja nusu nusu jambo hili, kwamba Mahakama haikuridhika kuwa uporaji wa mali ya Kongo ulikuwa sera ya serikali. Ilichosema ni kwamba maofisa na askari walipora, na kwamba dola inawajibika kwa vitendo vyao na kwa kushindwa kuvizuia.

Kisha kuna Kisangani. Kwa siku sita mwezi Juni 2000 jeshi la Uganda lilipigana na jeshi la Rwanda, mshirika wake, katikati ya mji wa watu wengine, na raia wa mji huo wakafa kwa mizinga ya wageni wawili. Hakuna hata moja kati ya sababu tano za waraka ule inayoweza kufikisha msomaji Kisangani. Hivi ndivyo kipimo cha pili kinavyofanya kazi: mtu achukue sababu ya kwanza iliyotangazwa, aitembeze kwenye ramani hadi pale askari walipofika, aone kama njia inafika.

Hesabu ilikuja baadaye sana. Februari 2022 Mahakama iliamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325, kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2026. Mtoto aliyezaliwa jeshi lilipokuwa likiingia Beni alikuwa ameshakuwa mtu mzima mlipa kodi fungu la kwanza lilipotolewa.

Bunge kabla, Bunge baada

Somalia ni mfano wa kura iliyotangulia. Januari 2007 Umoja wa Afrika uliidhinisha kikosi cha kulinda amani kwa miezi sita. Februari Bunge la Uganda likaidhinisha kupeleka askari, na Machi wa kwanza wakatua Mogadishu. Serikali ilifika bungeni, ikaulizwa, ikajibu, na majibu yake yamo katika kumbukumbu rasmi za Bunge ambazo mwananchi anaweza kuzisoma hadi leo. Kwa kipimo cha kwanza njia hii inazishinda zote. Kwa kipimo cha pili inafanya vizuri, kwani sababu iliyotolewa, yaani kuilinda serikali ya Somalia na kupambana na kundi linalotishia eneo zima, haikubadilika sana. Kwa kipimo cha tatu inaanguka vibaya. Miezi sita imekuwa miaka. Kikosi kimebadilishwa jina mara mbili, kutoka AMISOM kuwa ATMIS mwaka 2022 na kisha AUSSOM mwaka 2025. Katikati ya miaka hiyo yalitokea mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010 yaliyoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na shambulio la kambi ya Buulo Mareer la Mei 2023, ambalo Rais alisema liliua askari 54 wa Uganda. Wabunge waliulizwa kama jeshi liende, lakini hawakujiwekea siku ya kuuliza tena kama libaki.

Sudan Kusini ni mfano wa kura iliyochelewa. Mapigano yalianza Juba tarehe 15 Desemba 2013, na siku chache baadaye askari wa Uganda walikuwa huko. Maelezo ya kwanza yalikuwa ya kuokoa: wafanyabiashara na raia wengi wa Uganda walikwama, na uwanja wa ndege ulihitaji kulindwa. Hakuna ambaye angepinga hilo. Hata mimi nisingelipinga. Bunge liliidhinisha tarehe 14 Januari 2014, na katikati ya mwezi huohuo Rais mwenyewe alikiri kwamba jeshi lilikuwa limepigana bega kwa bega na majeshi ya Rais Salva Kiir dhidi ya waasi. Kwa hiyo, katika muda usiofika mwezi mmoja, uokoaji wa raia ulikuwa umegeuka kuwa vita vya kumlinda mtawala, na wabunge walipiga kura wakati kukataa kungekuwa na maana ya kuwaambia askari walio kwenye mahandaki kwamba nchi yao haiko nyuma yao. Ni mbunge gani atakayeisema hiyo mbele ya wapiga kura wake, tena katika ukumbi ambao jeshi lenyewe lina wawakilishi 10? Jeshi liliondoka mwishoni mwa 2015, baada ya mkataba wa amani. Machi 2025 kikosi maalumu kilirudi Juba, na mara hii pia idhini ya Bunge ilifuata baada ya askari.

Operesheni Shujaa, iliyoanza Novemba 2021 ndani ya Kongo dhidi ya ADF, iko katikati. Ridhaa ya Kinshasa ilikuwepo, na hilo ni somo lililoeleweka kutokana na 1998. Bunge liliarifiwa baada ya ndege na mizinga kuanza kazi, na hilo ni somo ambalo halijaeleweka.

Mshauri mwenye ufunguo wa habari

Anayeipenda kura ya mapema hana budi kuikabili Iraq. Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilimpa Rais George W. Bush ruhusa ya kutumia nguvu, na tarehe 18 Machi 2003 Bunge la Uingereza lilipiga kura 412 kwa 149 kuunga mkono vita. Kura zilikuwepo, mijadala ilikuwepo, hata waziri mmoja wa Uingereza, Robin Cook, alijiuzulu akipinga. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikupatikana, na uchunguzi rasmi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016 ulisema kwamba taarifa za kijasusi ziliwasilishwa kwa uhakika ambao hazikuustahili. Uganda nayo ilikuwa katika orodha ya nchi zilizoiunga mkono Marekani.

Iraq inaonyesha kwamba kura inayotegemea habari za mtu mmoja ni kura ya mtu huyo. Washauri hawahitaji kusema uongo; inatosha waondoe maneno ya shaka katika taarifa kabla haijafika kwa kiongozi, na kiongozi ayaondoe yaliyobaki kabla haijafika bungeni. Hapa kwetu hali ni ngumu zaidi, kwani sehemu ya bajeti ya ulinzi huwekwa katika matumizi ya siri, na kamati ya Bunge inayohusika husikia sana kutoka kwa walewale wanaoomba idhini.

Kipi kichaguliwe

Ambaye kipaumbele chake ni kasi pekee atavutwa na njia ya kwanza, ingawa Kagera inaonyesha gharama yake. Ambaye anaamini kwamba makamanda ndio wanaoijua hatari atavutwa na ya pili, na kwa shambulio la usiku mmoja huenda ana haki. Lakini makamanda wakiachiwa vita vya miaka mitano, waraka wa sababu utaandikwa baada ya miji kutwaliwa. Kura ya baadaye naiona dhaifu kuliko zote mbili, kwa sababu inaazima heshima ya Bunge bila kulipatia Bunge nafasi ya kukataa.

Nachagua kura ya mapema, lakini si ile ya 2007 kama ilivyokuwa. Azimio litaje eneo, ili askari waliotumwa kulinda uwanja wa ndege wasionekane kilomita mia mbele bila kuulizwa upya. Litaje muda, na muda ukiisha bila kura mpya idhini iwe imekufa. Litaje kiasi cha fedha na mfuko zinakotoka. Na taarifa ya usalama inayoletwa isomwe, hata kama ni kwa faragha, na wabunge wa upinzani pamoja na maofisa wastaafu wasio na cheo cha kutetea.

Pingamizi kubwa la chaguo hili ni dharura, na Katiba imeshalijibu kwa zile saa 72. Tatizo ni kwamba saa hizo huanza kuhesabiwa Rais anapotangaza hali ya vita, na serikali zimejifunza kutotangaza: huita safari zao operesheni, uokoaji au ulinzi wa amani. Sheria ya jeshi ya 2005 inadai idhini ya Bunge kwa askari wanaokwenda nje kulinda amani, lakini saa 72 zile zimefungwa kwenye tangazo. Zikifungwa kwenye mguu wa askari wa kwanza anayevuka mpaka, kwa jina lolote ambalo safari hiyo imepewa, Rais atabaki na kasi yake, na Bunge litaulizwa katika siku ya tatu, kabla Juba haijawa Bor, mji ulio kaskazini zaidi, na Beni haijawa Kisangani.